Kichujio Hakikuambii Kimetupa Nini

Sentensi moja ndiyo iliyoniletea shida. Ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa andiko langu la utafiti wa shahada ya uzamili, na kusema kweli niliipenda: "Hadi sasa hakuna jaribio la kitabibu lililopima ivermektini ya kumeza kwa wagonjwa wa funza." Kama umewahi kuandika andiko la utafiti unaijua raha ya sentensi ya namna hiyo. Pengo limepatikana, utafiti una sababu ya kuwepo, kilichobaki ni kuomba kibali cha maadili na kwenda shuleni kuwaandikisha watoto.

Sentensi yenyewe ilikuwa ya uongo. Jaribio hilo lilishafanyika Brazil, likachapishwa 2004 katika jarida la Taasisi ya Oswaldo Cruz, na majibu yake hayakuwa ya kufurahisha: waliomeza ivermektini hawakuonyesha tofauti ya maana na waliomeza plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa. Makala iko PubMed. Iko bure. Iko kwa Kiingereza. Maneno niliyotafutia yalikuwa sahihi kabisa. Sikuiona kwa sababu moja tu: upande wa kushoto wa skrini nilikuwa nimeweka tiki kwenye kisanduku cha miaka 10.

Sasa ngoja nieleze kwa nini jambo hili halikuwa aibu ya mwanafunzi mmoja tu. Ivermektini si dawa ngeni kwetu. Wengi tumeimeza kwenye kampeni za matende na mabusha. Kwa hiyo wazo la kuijaribu kwa funza linakuja lenyewe, tena ni wazo zuri. Lakini kama jibu tayari lipo, maana yake nilikuwa naenda kuwaomba wazazi wakubali watoto wao, wenye vidole vilivyovimba na kuchanika, wagawanywe makundi mawili ili nigundue kitu ambacho watu walishakigundua wakati mimi niko shule ya msingi. Tiki moja, bwana.

Nivitetee kwanza vichujio, maana sitaki uondoke hapa ukidhani nakwambia uvitupe. PubMed, inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na iliyofunguliwa bure kwa umma 1997, ina rekodi zaidi ya milioni 35. Andika "malaria" peke yake uone. Hakuna mtu mwenye umri wa kutosha kuzisoma zote. Lazima upunguze. Swali langu ni unapunguza kwa nini, na unajuaje ulichopunguza.

Ukichekecha unga, pumba zinabaki juu ya chekecheke. Unaziona. Ukitaka unazipekua kwa kidole, ukikuta punje nzima unairudisha kinuni. Visanduku vya PubMed havifanyi hivyo. Unaweka tiki, namba ya matokeo inashuka, na hicho kilichoshuka kimekwenda. Skrini itakuandikia kwamba kuna vichujio vinavyofanya kazi, basi. Haikuoneshi hata makala moja ya zile zilizoondoka. Hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya chombo hiki, ambacho kwa mambo mengine ni kizuri mno: kinakupa ukimya, na wewe unausoma ukimya huo kama ushahidi. "Sijaona" inageuka "hakuna."

Tena visanduku hivyo havijizimi. Ukiweka tiki leo kwa swali moja, ukarudi baadaye kwenye kompyuta ileile na swali jingine kabisa, mara nyingi utakuta bado vimewaka. Nilipopeleka kilio changu maktaba, mkutubi, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, aliangalia skrini yangu sekunde tano tu akaniuliza, "Mwanangu, hivi umeviwasha wewe, au vimelala humu toka juzi?" Sikuwa na jibu. Kwa kweli mpaka leo sina.

Tuanze na hicho cha miaka, kwa sababu ndicho kinachofundishwa zaidi. Wengi wetu tumepewa ule mwongozo wa idara unaosema "tumia marejeo ya miaka 10 ya karibuni." Vingine vinasema mitano. Ninaelewa ulikotoka: mhadhiri amechoka kusoma mapitio yaliyonakiliwa kutoka vitabu vya zamani. Lakini sheria ya kusahihishia kazi ya wanafunzi imegeuka sheria ya kutafutia ushahidi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Kama unatafuta habari za chanjo ya UVIKO-19, kuanzia 2020 ni sawa kabisa, kwa sababu kabla ya hapo ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Mpaka wa mwaka umetoka kwenye mada. Lakini funza? Kiroboto huyu, ambaye sehemu nyingine anaitwa tekenya, aliingia Afrika kutoka Amerika Kusini. Kumbukumbu inayorudiwa mara nyingi ni ya meli iliyotoka Brazil ikafika Angola 1872, na ndani ya miongo michache akawa amevuka bara zima hadi upande wetu. Ni ugonjwa wa maskini, fedha za utafiti zinadondoka kwa msimu. Jaribio moja linafanyika, kisha kimya, kisha linafuata jingine. Ugonjwa unaochunguzwa mara chache namna hiyo ukiuwekea dirisha la miaka 10 unaweza kukuta dirisha tupu, ukadhani nyumba haina watu.

Na dirisha linasogea, watu husahau hilo. Kuna jaribio la Kenya lililochapishwa 2014, lililolinganisha dimetikoni na pamanganeti ya potasiamu kwa watoto wenye funza, na dimetikoni ikafanya vizuri zaidi. Mwanafunzi aliyeweka tiki ya miaka 10 mwaka 2020 aliliona. Aliyeweka tiki hiyohiyo 2025 hakuliona. Tiba ni ileile na miguu ni ileile. Kalenda tu ndiyo iliyosogea.

Kisa kizito zaidi kuhusu mpaka wa miaka kilitokea Marekani, na kila anayefanya utafiti kwa binadamu angepaswa kukijua. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa mzima wa afya alijitolea kushiriki utafiti kuhusu pumu. Alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu. Mapafu yakaharibika, na haukupita mwezi akafariki. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba mtafiti, katika kutafuta madhara ya dawa hiyo, alitegemea PubMed, ambayo wakati ule ilirudi nyuma hadi 1966 tu. Makala zilizoihusisha heksamethoniamu na madhara ya mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Siyo kwamba utafutaji peke yake ndio uliomuua. Kulikuwa na makosa mengine kwenye ule utafiti. Ila angalia vizuri: pale hakuna aliyeweka tiki yoyote. Hifadhidata yenyewe ilikuwa kichujio, na mpaka wake haukuonekana kwa aliyekuwa akiitumia. Leo PubMed inarudi nyuma hadi miaka ya 1940, halafu sisi kwa mkono wetu tunairudisha mbele mpaka juzi.

Haya, kisanduku cha binadamu. Hiki kinawapata hata walimu wetu, kwa sababu kinaonekana hakina hatia. Mimi nachunguza watu, sitaki panya, natia tiki "Humans", tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba kisanduku hicho hakisomi makala. Kinasoma lebo. Makala zilizo katika MEDLINE, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya PubMed, hubandikwa lebo kutoka kamusi maalumu iitwayo MeSH, na mojawapo ya lebo hizo inasema kama utafiti unahusu binadamu. Zamani zilibandikwa na watu. Tangu 2022 kazi hiyo inafanywa na programu, na watu wanabaki kukagua. Lakini PubMed ina pia makala zisizo za MEDLINE: zipo kwa sababu jarida limeweka nakala zake kwenye hazina ya wazi ya PMC, au kwa sababu nyingine, na hizo hazina lebo za MeSH kabisa. Ukiweka tiki ya binadamu, haziulizwi. Zinatoka. Makala inaweza kuwa imeandika "watoto 200 wa shule" kwenye kichwa chake cha habari na bado ikatupwa kana kwamba ni ya panya, kwa sababu tu hakuna aliyeibandika karatasi mgongoni. Visanduku vya umri na jinsia vina ugonjwa huohuo.

Sasa jiulize ni majarida ya nani ambayo mara nyingi hayamo MEDLINE. Si ya London. Mengi ya majarida ya vyuo na vyama vya madaktari vya Afrika yako nje, na mengine hata PubMed hayapo. Utayakuta African Journals Online, iliyoanzishwa 1998 kwa ajili hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa hapa nyumbani anayechunguza ugonjwa wa hapa nyumbani anaweka tiki moja ya kujirahisishia kazi, na wanaotoka wa kwanza ni jirani zake. Hili linanikera kuliko yote, na sioni aibu kusema.

Kuna dawa ya zamani ya tatizo la wanyama, na watu wa Cochrane wanaitumia katika mikakati yao ya kutafuta majaribio. Badala ya kusema "nipe zenye lebo ya binadamu," wanasema "toa zenye lebo ya wanyama, isipokuwa zile zenye lebo ya binadamu pia." Soma tena taratibu. Makala isiyo na lebo yoyote inabaki. Na makala yenye lebo zote mbili inabaki pia, jambo ambalo kwa funza ni la lazima, kwa sababu funza mwenyewe ni mnyama, na nguruwe na mbwa wa uani wamo kwenye habari hiyohiyo. Anayesema kwa haraka "ondoa wanyama" anaondoa kiroboto, mfugo na mtoto kwa pamoja.

Kisanduku cha "bure" sitakichelewesha. Wengi tunakiweka kwa sababu ya bando na kwa sababu tumechoka kugonga ukuta wa malipo. Lakini ubora wa utafiti haupimwi kwa nani amelipa gharama za uchapishaji. Tena vyuo vingi vya kwetu vimejiandikisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kulipia bila malipo au kwa bei ndogo. PubMed haijui kwamba una Hinari. Unatia tiki, unafukuza makala ambazo maktaba yako inaweza kuzifungua. Nenda kaulize neno la siri, usione haya. Na lugha ya Kiingereza peke yake? Kwa funza utakuwa umefukuza sehemu ya kazi ya Brazil iliyoandikwa kwa Kireno, na mara nyingi ikisiri yake ya Kiingereza ilikuwepo.

Basi kuna vichujio ninavyoviamini? Vipo. PubMed ina ukurasa wa pembeni uitwao Clinical Queries, na wengi hatuufungui kamwe. Vichujio vyake vimetokana na kazi ya timu ya Brian Haynes wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Walichokifanya ni kazi ya jasho: watu walipitia kwa macho yao majarida 161 ya mwaka 2000, makala baada ya makala, wakaamua ipi inafikia vigezo na ipi haifikii. Kisha wakajaribu maneno ya kutafutia dhidi ya majibu hayo ambayo tayari wanayo mkononi. Ndiyo maana wanaweza kukuambia kitu ambacho visanduku vya kushoto haviwezi. Kichujio kipana cha tiba kinanasa 99 kati ya kila makala 100 zinazofaa, na kinafanikiwa kuziacha nje asilimia 70 ya zisizofaa. Kile chembamba kinanasa 93, na kinaziacha nje asilimia 97 ya zisizofaa.

Umeona? Hasara imeandikwa. Ukichagua chembamba unajua umekubali kupoteza saba katika mia ili usome kidogo. Daktari mwenye mgonjwa mbele yake na dakika kumi mkononi atachagua hicho, na yuko sahihi. Mimi niliyekuwa natafuta kama swali langu lilishajibiwa nilipaswa kuchukua kipana, maana moja tu kati ya zile saba ingeniumbua. Na bado namba hizo ni za majarida yale 161, ya kitabibu, yaliyoandikwa na watu wanaojua kuita jaribio kwa jina lake. Sidhani zinahama bila kupungua hadi kwenye jarida dogo ambalo ikisiri yake haisemi popote kwamba wagonjwa waligawanywa kwa nasibu.

Hilo la kutoita jaribio kwa jina lake si dogo. Lebo maalumu ya jaribio la nasibu iliingia MEDLINE 1991. Mwaka 1994 jarida la BMJ lilichapisha kazi iliyoonyesha kwamba hata watafutaji waliofunzwa walipata kwa wastani takriban nusu tu ya majaribio ambayo tayari yalijulikana kuwepo. Watu wa Cochrane na ile maktaba ya Marekani walitumia miaka mingi kurudi nyuma na kubandika lebo zilizokosekana. Ukitia tiki ya jaribio la nasibu leo, unakula jasho lao bila kujua, na bado kuna pale ambapo mikono yao haikufika.

Nichepuke kidogo, maana hili linachekesha. Mwaka 2011 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha kichujio cha kutafuta majaribio yaliyofanyika Afrika, chenye majina ya nchi zote. Rahisi, sivyo? Jaribu mwenyewe. Andika Guinea: unapata nchi, na unapata maelfu ya simbilisi wa maabara, kwa sababu Kiingereza kimempa mnyama yule jina la nchi hiyo. Andika Niger: unapata kuvu anayeitwa Aspergillus niger. Andika Congo: unapata rangi nyekundu ya maabara yenye jina hilo. Halafu upande wa pili, mwandishi ameandika "Kilifi" bila kutaja Kenya, na makala ya 1975 inasema Zaire. Bara zima kulitafuta kwa jina ni kazi ya kukaa chini na kufikiri, si ya kubofya.

Ninachokifanya siku hizi alinionyesha yule mama wa maktaba, na hakihitaji programu wala fedha. Zima vichujio vyote. Tafuta. Kisha washa kile unachokitaka, kimoja tu, utafute tena. Fungua ukurasa wa utafutaji wa kina wa PubMed. Utakuta tafutizi zako zimepangwa kwa namba. Sasa iambie ya kwanza bila ya pili, mathalani #1 NOT #2. Kitakachokuja ndizo pumba zako: kila kilichotupwa na kile kisanduku kimoja. Soma vichwa vya habari ishirini vya mwanzo. Kama vyote ni upuuzi, endelea na kichujio chako kwa amani, na uandike kwenye tasnifu kwamba ulikagua. Kama kuna kimoja kinachokuhusu, zima.

Kwa mada nyembamba ni kazi ya dakika kumi. Kwa mada pana kama malaria utachoka mapema, na hapo ndipo mahali pa vichujio vilivyopimwa, au pa mkutubi wako, ambaye naomba umpelekee swali kabla ya andiko na siyo baada, kama nilivyofanya mimi.

Maana mimi nilipelekwa. Mjumbe mmoja wa kamati aliniuliza kwa upole wa kutisha, "Hili jaribio la Brazil, kijana, wewe umelionaje?" Nikasema nitalifuatilia. Usiku huo nilitafuta bila tiki hata moja, nikiwa na chai iliyopoa pembeni, na makala ikatokea palepale kwenye ukurasa wa kwanza, mwaka 2004, kichwa chake cha habari kikitaja funza na ivermektini kwa pamoja. Nikafuta ile sentensi. Nikabadilisha na swali lenyewe: badala ya kidonge, nikaenda kuuliza kwa nini watoto waliokwisha kutibiwa wanapata funza tena ndani ya nyumba zenye sakafu ya vumbi. Mapitio ya andiko la pili yana makala ya zamani kuliko mimi, na msimamizi wangu alizizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: "Za karibuni ziko wapi?"